Gofu na Mahame

Lugha yetu ina maneno mawili kwa mahali palipoachwa na watu. Gofu ni nyumba iliyokufa: paa limekwenda, na kuta zimebaki kama mifupa. Mahame ni mahali walipohama watu. Na kwa kuwa neno hilo limezaliwa na kuhama, halitulii mpaka mtu aulize walihamia wapi. Tofauti hii nimeifundisha darasani miaka mingi, lakini uzito wake niliupima kwa macho yangu majira ya joto yaliyopita, huko Mesa Verde, katika jimbo la Colorado, nchini Marekani.

Tulisafiri watu watatu, mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka 12, katika gari la kukodi lenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Wamarekani huyapenda sana magari ya namna hii. Konokono hubeba nyumba yake polepole. Sisi tuliibeba yetu kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, vikombe vikigongana kabatini. Tukapiga kambi Morefield, ndani ya hifadhi yenyewe, kati ya magari mengine ya jinsi hiyo hiyo, na usiku baridi ikatukumbusha kwamba tulikuwa zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari.

Asubuhi tuliteremka na kiongozi kwa vidaraja vya mawe na ngazi za miti hata tukafika Cliff Palace. Msomaji afikiri pango pana katika ubavu wa genge, na ndani ya pango mji: vyumba 150 hivi, minara, na milango midogo iliyokatwa kwa umbo la herufi T. Pango halikuchimbwa na mtu. Maji ya mvua na theluji hupenya katika jiwe la mchanga mpaka yakazuiwa na tabaka gumu la chini. Huko huganda, hupasua, na vipande vikaanguka karne kwa karne. Wenyeji waliyachonga mawe yao kwa mawe magumu zaidi, wakayaunga kwa udongo, maji na majivu, na mpaka leo alama za vidole vyao zaonekana katika udongo ule. Juu ya uwanda walilima mahindi, maharagwe na maboga. Chini ya ua mna vyumba vya mviringo, viitwavyo kiva, na katika sakafu ya kiva tundu dogo, ishara ya mahali walipotokea wanadamu wa kwanza kutoka ulimwengu wa chini.

Miaka ya mji ule yasomwa katika boriti zake, kwa kuhesabu pete za miti. Pete hizo zaonyesha pia ukame mkali, tangu 1276 hata 1299. Kabla karne haijakwisha, watu walikuwa wamekwenda zao.

Mgeni mmoja katika kundi letu aliuliza walitowekaje. Kiongozi akajibu, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuulizwa hivyo mara nyingi, kwamba hawakutoweka. Walikwenda kusini, na wajukuu wao ni Wahopi, Wazuni, watu wa Acoma na wengineo.

“Baba,” binti yangu akaninong’oneza, “kama wajukuu wapo, kwa nini yeye asema walitoweka?”

Swali hilo si dogo. Mwaka 1891 kijana wa Kiswidi, Gustaf Nordenskiöld, alichimba huko, akapakia vyombo pamoja na mifupa ya wafu. Alikamatwa mjini Durango, akaachiliwa, kwa sababu hapakuwa na sheria aliyoivunja. Na shehena ile mwisho wake ilikuwa jumba la makumbusho la Helsinki. Huyachukua mtu maiti ya nyumba yenye wenyewe? Waliotoweka hawana warithi, na mfupa usio na mrithi ni mali ya aokotaye. Iliwabidi wajukuu wangoje hata 2020 ndipo mabaya hayo yakatengenezwa kwa sehemu: mabaki ya watu 20 na vitu 28 vya makaburini vikarudishwa, vikazikwa tena Mesa Verde.

Nasi wa pwani tuna Gede, iliyohamwa katika karne ya 17, ambayo wageni hupenda kuiita mji uliopotea. Wanafunzi wangu huandika “magofu ya Gede”, na kuta ni magofu kweli. Ila mimi huwaomba waandike na mahame.

Siku ya tatu tukafunga makabati, tukashika njia ya kusini mpaka Acoma, mji ulio juu ya jabali, ambao watu wanaukaa tangu zama hizo. Kupiga picha huko ni kwa ruhusa. Mwanamke mmoja mtu mzima alikuwa akiuza mitungi mbele ya nyumba yake, myeupe yenye michoro myeusi, na binti yangu akasimama akiitazama kwa muda mrefu, kisha akamwuliza nani alimfundisha. “Mama yangu,” akasema, akaufuta mmoja vumbi.