Stesheni Isiyo na Barabara

Huwa napenda kucheki ramani za reli zilizokufa, na ile ya Wales hunishika sana. Angalia Bala Junction. Barabara ya kuifikia haikuwepo. Ulishuka treni moja, ukangoja ile ya kwenda mjini Bala, ukaenda zako. Stesheni nzima ya kungoja tu.

Mwaka 1963, Richard Beeching alitoa ripoti: reli nyingi za mashambani hazijilipi, zifungwe. Hesabu hiyo ndiyo huniudhi. Tawi dogo laweza kuuza tiketi chache, sawa, lakini ndilo hulisha reli kubwa. Ukilikata, yule abiria hahamii reli kubwa; anatafuta gari.

Bala Junction ilifungwa 1965. Mwaka huohuo treni za abiria kati ya Aberystwyth na Carmarthen zikaisha. Kwa barabara ni kama kilomita 80. Kwa treni leo? Unatoka Wales, unaingia Uingereza, unabadilisha pale Shrewsbury, ndio urudi Wales tena.

Eti walikuwa wanaokoa pesa. Sasa watu wa nchi moja wanatembeleana kwa kupitia kwa jirani.