Picha Tuliyoipiga Sumbawanga



Sisi ni mtu na wifi yake, watoto wa Pemba, na huu ni mwaka wa saba tunashona Sumbawanga. Mnatuuliza sana tumefuata nini huko Ufipa. Tumefuata riziki, jamani. Mji uko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai asubuhi ukishika cherehani chuma kinauma vidole. Lakini watu wanaoa, watoto wanakwenda skuli, na wote wanataka nguo. Waislamu ni wachache, Wakatoliki ndio wengi, na tunaishi nao vizuri.

Leo hatuna shela la kukuonyesheni. Tuna kosa letu.

Ramadhani moja tulikusanya sadaka kwa wateja wetu wa Unguja na Pemba. Tukanunua unga, maharage, mafuta na sabuni, tukashona na sare. Tukatoka nje ya mji hadi kwa mama mmoja mjane mwenye watoto wanne. Tukampanga mlangoni na wanawe, kiroba cha unga miguuni, tukapiga picha. Mama alivuta kanga mpaka puani. Tuliona, tukajifanya hatujaona. Picha tukaituma kwenye grupu ili waliochanga wajue amana yao imefika.

Picha haina breki. Iliingia simu hii na ile, ikarudi mpaka Sumbawanga. Mtoto wake mkubwa, kidato cha kwanza, wenzake wakampa jina: Kiroba. Akagoma kwenda skuli siku tisa, na sare tuliyomshonea akaitupa juu ya dari.

Idi tulikwenda nyumbani, tukamsimulia shangazi yetu mzee pale Chake Chake. Hakutusema sana. Alituambia tu, "Hata Wazungu wa Banani walikuwa wanamuuliza mtu kwanza." Sisi Banani tuliijua kwa mikarafuu tu, ikabidi tuulize na tusome.

Wale walikuwa Marafiki, wanaoitwa pia Quaker, dhehebu la Kikristo lililoanza Uingereza katika miaka ya 1650. Wanaabudu kwa kukaa kimya, na kwa desturi yao ya asili hawana padri. Hata kwenye ndoa zao bwana na biharusi wanaahidiana wenyewe mbele ya watu, na wote waliohudhuria wanatia saini kwenye hati. (Sisi mashahidi wawili tu tunawatafuta mpaka jasho!) Wafanyabiashara wao walijulikana kwa bei moja, akija mtu mzima au akitumwa mtoto. Hapo wifi alinitazama, maana mie bei yangu hutegemea mkoba wa mteja.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri iliyoondoa nguvu ya sheria kwa utumwa Unguja na Pemba. Lakini uhuru ulikuwa lazima uuendee mwenyewe ukaudai, na ukishaupata utakula nini, utalala wapi? Masuria waliachwa nje ya amri ile mpaka mwaka 1909. Miaka 12, dada zetu. Hapo tulifunga simu, tukakaa kimya.

Mwaka huohuo wa 1897 ndipo Marafiki wa Uingereza walipofika Pemba, akiwemo Theodore Burtt, wakapata shamba la karafuu Banani. Walioachwa huru wakafanya kazi pale kwa ujira. Hatuwapambi: walikuja na dini yao pia, na Wapemba wengi walibaki na Uislamu wao. Ila ujira ni kitu kingine kabisa na kiroba. Mtu anaupokea kichwa juu.

Tukasoma na habari za Elizabeth Fry, Rafiki wa London, aliyeanza kuingia gereza la Newgate mwaka 1813 na kuwakuta wanawake wamerundikwa na watoto wao. Mwaka 1817 yeye na wenzake walianzisha kazi ya kushona mle ndani, na kanuni walizisoma mbele ya wafungwa, wanawake wakapiga kura kuzikubali. Wafungwa! Baadaye waliosafirishwa kwa meli kwenda Australia walipewa vipande vya kitambaa, sindano na uzi, wakaunga mafarishi njiani. Sisi vipande vyetu tulikuwa tunawashia moto.

Na Qur'ani yetu, katika Suratul Baqara aya ya 264, imeshakataza kuiharibu sadaka kwa masimbulizi na maudhi. Tulihifadhi tukiwa chuoni. Kuisoma kwa Marafiki kulituonea haya.

Tuliporudi tulikwenda kwa yule mama mikono mitupu, kwa makusudi. Tukamwomba radhi. Akatuwekea vigoda, akaendelea kupepeta ulezi wake kwa muda mrefu, nasi hatukusema kitu. Kisha tukamuuliza anataka nini.

Alisema unga anao, analima. Alitaka kazi ya mvua ikiisha, na hela yake kila Jumamosi, si mwisho wa mwezi, kwa sababu mwisho wa mwezi huwa tunasahau. Hilo sijui alilisikia wapi, lakini ni kweli.

Sasa anatuungia vipande kuwa mashuka ya kitanda, na mawili yameshakwenda Wete kwa mabiharusi. Bei tulipatana naye, na tulipotaka kuipunguza alikataa. Picha tuliomba kila mtu aifute. Wengine wamefuta. Kijana amerudi skuli, na Jumamosi ndiye anayeleta mzigo dukani. Anauweka mezani, anahesabu hela mara mbili, anaondoka. Bado hatuamkii.