Safari Yangu ya Kwanza Kwenye Mabwawa ya Mlimani

Nimepita Mlimani miaka mingi bila kujiuliza majitaka ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yanaishia wapi. Mpwa wangu anayesoma uhandisi pale ndiye aliyenialika nikajionee. Nilipanda daladala Mwenge, nikashuka chuoni, naye akanipokea kwa shikamoo na jozi ya buti za mpira.

Chuo kilihamia kilimani hapa mwaka 1964 kutoka Mtaa wa Lumumba, na mwinuko huo ni neema: majitaka hushuka kwa mabomba kuelekea bondeni. Tuliyafuata kwa miguu hadi kelele za wanafunzi zikapotea. Nilishajiandaa kuziba pua, lakini tulipotokea kwenye mabwawa nilikuta maji ya kijani, ndege weupe ukingoni, na harufu ya tope tu.

"Mjomba, bwawa likinuka sana, ujue limezidiwa," mpwa akaniambia.

Akaanza kunieleza, nami nikasimama kwenye tuta nikisikiliza. Bwawa la namna hii huwa na kina cha mita 1 hadi 2 hivi. Uchafu mzito hutuama chini, mahali pasipo na oksijeni, na bakteria wa huko huuozesha taratibu. Juu jua linapiga, na mwani unaoyapa maji rangi ya kijani hutoa oksijeni mchana kutwa. Bakteria wa tabaka hilo huitumia kula uchafu ulioyeyuka majini, kisha hutoa hewa ya kaboni ambayo mwani nao huihitaji. Wanalishana kama majirani wema, na joto la Dar es Salaam huwaongezea kasi. Mabwawa yanayofuata huwa na kina kifupi zaidi, ili mwanga wa jua na muda mrefu wa kukaa viangamize vijidudu vya maradhi.

Kilichonivutia zaidi ni matete. Kwa miaka mingi watafiti wa chuo hiki wamejaribu ardhioevu za kutengenezwa: kitanda cha kokoto chenye kina kisichofika mita 1, kimepandwa matete, na maji yanapita chini kwa chini kati ya mawe. Nilidhani matete ndiyo yanayofyonza uchafu wote. Mpwa akatikisa kichwa, akang'oa shina moja na kunionyesha mizizi iliyofunikwa utando wa utelezi. "Wafanyakazi wako humu," alisema. Bakteria hujishikiza kwenye mizizi na kokoto, uchafu unapopita wanaunasa na kuula. Matete huwapa makazi na oksijeni kidogo, na huchukua sehemu ya naitrojeni na fosforasi kwa kukua. Na kwa kuwa maji hayaonekani juu, mbu hawapati pa kutagia.

Elimu hii si ya jana. Mjerumani Käthe Seidel alianza kuyajaribu mafunjo na matete kwenye majitaka katika miaka ya 1950. Hapa kwetu imetoka maabara zamani: Moshi wana mabwawa yao, na maji yaliyosafishwa huko yamesaidia kumwagilia mpunga.

Tulipokuwa tukipanda kurudi juu, nilimuuliza kwa nini basi kila shule haina kitanda cha matete. Akanijibu kwamba viumbe hawa hawadai umeme wala dawa, ila wanadai mtu. Matete yasipovunwa huoza palepale na kurudisha majini yale yaliyoyafyonza. Tope lisipoondolewa hujaza bwawa hadi maji yapite haraka kabla ya kusafika. Taka za plastiki zikiachwa pale maji yanapoingilia kitandani, kokoto huziba. Ardhi nayo inahitajika, na mjini ardhi ni ghali.

Hata hivyo, shule za bweni na vyuo vingi vya mikoani vina ardhi, vina jua mwaka mzima, na matete yamejiotea mtoni. Wakuu wa shule mnaolipia gari la kunyonya choo kila shimo linapojaa, waiteni wahandisi wa vyuo vyetu wawapimie eneo. Na kabla hamjachimba, ajirini kwanza mtu wa kukitunza kitanda hicho.