Kufundisha Ufugaji kwa Kushika: Niliyoyaona Nkende

Mwalimu anayefundisha ufugaji kwa chaki peke yake huwapa watoto maneno tu. Haya nawaandikia wenzangu mlioko vyuoni, ambao baada ya muda si mrefu mtakabidhiwa madarasa na, mara nyingi, banda la kuku lisilo na mwenyewe. Mabanda ya namna hiyo ni mengi. Yalijengwa kwa shangwe, yakakaa kuku kwa muhula mmoja au miwili, kisha yakawa ghala la madawati mabovu.

Sababu yake si uhaba wa maagizo. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule ziwe na mashamba na mifugo, lakini alitaka pia wanafunzi washiriki katika kuamua yatakayofanywa humo na waone matunda ya uamuzi wao. Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililopitishwa katika mkoa huu huu wa Mara, lilikazia tena kwamba masomo na kazi visitenganishwe. Shule nyingi zilishika nusu ya kwanza ya fikra hiyo, zikaiacha ya pili. Aliyechelewa namba akapelekwa kufagia banda. Aliyepiga kelele darasani akateka maji ya kuku. Mtoto aliyefundishwa hivyo hujua jambo moja tu juu ya kuku, nalo ni harufu ya kinyesi chao.

Nilihamia Nkende, pembeni mwa mji wa Tarime, mwaka 2014. Huko ni nyanda za juu, na usiku huwa wa baridi hata vifaranga wa siku mbili hufa kwa kukosa joto tu. Kwa Wakurya heshima iko kwa ng'ombe. Ng'ombe ndiye mahari, ndiye anayezungumzwa na wazee kikaoni. Kuku ni mali ya akina mama na watoto, wala hakuna mzee atakayeitisha baraza kwa ajili ya tetea aliyepotea. Hata hivyo, nilipowauliza wanafunzi wa darasa la sita daftari zao zilinunuliwa kwa fedha gani, wengi walijibu bila kusita: mayai, au jogoo aliyeuzwa sokoni Tarime. Basi somo lilikuwa tayari mikononi mwao.

Kabla sijapanga kipindi chochote nilimwendea bibi mmoja, jirani wa shule, nikamwomba anifunze. Alicheka sana. "Mwalimu, wewe ndiye wa kufundisha," alisema, "mimi sikusoma." Lakini alikubali, na kwa mwezi mzima nilikuwa nikienda kwake jua linapotua, wakati kuku wanaporudi kulala.

La kwanza lilikuwa kushika. Bibi alimchukua kuku kwa mikono miwili, mabawa yamebanwa, kisha akamweka kwapani kichwa kikielekea nyuma. Kuku akatulia kama mtoto mgongoni. Baada ya hapo alinipeleka mkono kwenye kifuko cha chakula, chini ya shingo. Jioni kifuko cha kuku mzima hujaa na kukaza. Kilicho kitupu, au kilicholegea kama puto la maji, ni habari mbaya. Halafu kidari: mfupa wake ukisimama kama ukingo wa kisu, kuku huyo amekonda hata kama manyoya yanamficha. Mambo haya matatu hayafundishiki ubaoni. Nimejaribu kuyachora, na mchoro ulikuwa mzuri, lakini vidole havijifunzi kwa macho.

La pili lilikuwa uatamiaji. Bibi hakumwachia kuku mayai yote. Kila siku alitoa lililotagwa, akaliandika alama kwa mkaa, akabakiza moja ndani ya kiota. Alipopata kuku watatu wenye hamu ya kuatamia, aliwawekea wote mayai jioni moja. Vifaranga walipotoka, alimkabidhi kuku mmoja walee, na wale wawili wakarudi kutaga mapema. Katika vitabu ufundi huu una majina marefu. Yeye aliuita "kuwapa likizo".

Darasani tuliuanza kwa kuku watatu hao hao, alioturuhusu tuwatumie. Hesabu ya siku 21 iliandikwa ukutani. Siku ya saba, ndani ya chumba chenye giza, tuliweka kurunzi ndani ya boksi lililotobolewa tundu, tukapitisha mayai moja moja juu ya mwanga. Yai lenye uhai lilionyesha mishipa ya damu mithili ya buibui. Lisilo na kitu lilipitisha mwanga mtupu. Darasa la watoto zaidi ya sitini lilinyamaza bila kuambiwa. Asilimia, ambayo tulikuwa tumehangaika nayo kwa wiki mbili, ilieleweka siku hiyo, maana kila mtoto alitaka kujua ni sehemu gani ya mayai yale itakuwa kuku.

Palikuwa na mtoto mmoja wa kike ambaye sikuwahi kumsikia akijibu swali lolote. Kumbe nyumbani ndiye aliyelea kuku wote wa mama yake. Yeye ndiye aliyewafundisha wenzake kushika, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuamuru. Sitadai kwamba alipasi hesabu kwa sababu hiyo. Nasema tu kwamba kuanzia hapo alikuwapo darasani.

Sasa nije kwenye jambo lililotupima. Ugonjwa wa mdondo, ambao wengine huuita kideri, ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1926, kisiwani Java na Newcastle, Uingereza, na hauna dawa. Ukiingia kijiji ambacho kuku hawakuchanjwa, huweza kumaliza karibu wote: wanazubaa, wanaharisha kijani, wengine wanapinda shingo, kisha banda ni tupu. Kinga yake ipo. Chanjo ya I-2, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia na ambayo sasa hutengenezwa hapa nchini, hustahimili joto kuliko zile za zamani. Hutolewa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Tatizo ni chupa. Chupa moja hutosha kuku mia moja au zaidi, na ikishafunguliwa haikai muda mrefu. Mama mwenye kuku sita atainunua ya nini? Ni lazima nyumba nyingi zikubaliane siku moja.

Wanafunzi ndio waliopita nyumba kwa nyumba. Kila kundi lilikuwa na daftari lenye safu nne: mwenye kuku, idadi, hali ya kila kuku, na aliyechanjwa. Sheria yetu ilikuwa kwamba kuku aliyezubaa hachanjwi, bali hutengwa na kuandikwa. Mtaalamu wa mifugo wa kata alisimamia utiaji wa matone.

Siku ya tatu baba mmoja alikuja shuleni na kuku mfu mkononi, watu kadhaa nyuma yake. Alisema shule imeua kuku wa mkewe kwa dawa ya serikali. Uani palichafuka, na ilionekana wazi kwamba wengi wangeondoka wakiamini hivyo na chanjo ya pili isingefanyika kamwe. Mwanafunzi mmoja akaleta daftari. Penseli ya kitoto ilikuwa imeandika, mbele ya jina la mama huyo: kuku sita, mmoja hali, kifuko kitupu, hakuchanjwa. Mkewe, aliyekuwa amesimama kando, akasema ni kweli, ndiye huyo. Baba yule aliliangalia daftari kwa muda, akauliza nani aliyeandika. Alikuwa mwanawe. Miezi minne baadaye alileta kuku wake mwenyewe.

Kwa hiyo, mwanachuo mwenzangu, usikubali kutenganisha kushika na kuandika. Unapokwenda mazoezi ya kufundisha, tafuta kwanza mfugaji wa karibu, mwombe kwa adabu, na uwe mwanafunzi wake kabla ya kuwa mwalimu wa watoto wake. Anza na kuku watatu, si thelathini. Wape watoto uamuzi halisi: yupi aatamie, yai lipi liondolewe, nani ahesabu jioni. Wanaosafisha banda wafanye hivyo kwa zamu, na zamu hiyo isiwe adhabu kwa yeyote. Wakimaliza, wanawe mikono kwa sabuni.

Mbuzi ni mwalimu mzuri pia, ila hubeba mimba kwa muda wa siku 150 hivi, nao ni muda mrefu mno kwa mgeni wa wiki chache. Sungura huzaa baada ya siku 31 hivi, na ukimpandisha wiki ya kwanza huenda ukawaona watoto wake kabla hujarudi chuoni.