Mzigo Mmoja, Injini Mbili

Siku moja baada ya Misa, tulipokuwa tumesimama chini ya mwembe, jirani yangu aliniuliza mbele ya watu: "Bwana Karani, wewe ni mtu mzima, una mke na watoto, umesoma hata chuo cha ualimu. Wawezaje kukaa sakafuni kila Jumamosi ukicheza na vitofali?" Watu walicheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini swali la mtu lastahili jibu, na jibu langu ni refu kuliko muda wa kusimama chini ya mwembe. Basi naliandika hapa, kwani nadhani lahusu nyumba nyingi, wala si nyumba yangu tu.

Vitofali hivyo vilifika parokiani kwetu, chini ya milima ya Upare, katika sanduku la karatasi ngumu. Vilitumwa na familia moja ya Ujerumani iliyo rafiki ya parokia yetu. Watoto wao wamekwisha kua, wakaona ni heri vichezewe na watoto wengine kuliko kukaa darini. Baba Paroko alinikabidhi sanduku akasema, "Karani, wewe ni mwalimu. Utajua la kufanya." Nililifungua Jumamosi baada ya mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Ndani mlikuwa na vitofali vya rangi nyingi, vipande vya reli ndogo, mota mbili, na kijisanduku cha kupunguzia nguvu ya umeme.

Wengi hawajui habari za vitofali hivi, basi nitaeleza kwa kifupi. Asili yake ni kijiji cha Billund, katika nchi ya Denmark. Huko alikaa seremala mmoja, mtu mcha Mungu, jina lake Ole Kirk Kristiansen. Mwaka 1932 kazi ya ujenzi ilikuwa imekwisha kabisa kwa sababu ya shida ya fedha iliyoenea duniani. Mwaka huohuo mke wake alifariki akamwachia watoto wanne wa kiume. Hapo ndipo alipoanza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao ili wapate chakula. Jina la LEGO limetokana na maneno mawili ya Kidenmarki, "leg godt", maana yake "cheza vizuri". Vitofali vya plastiki vilikuja baadaye, na namna tuijuayo leo iliandikishwa serikalini tarehe 28 Januari 1958. Tofali la mwaka ule lashikana na tofali lililotengenezwa mwaka huu, kwa maana vipimo havikubadilika.

Kila tofali lina vinundu juu, na chini lina uwazi wenye vijibomba. Vinundu vya tofali moja huingia chini ya jingine, vikashikana pasipo gundi wala msumari. Kutoka kinundu hata kinundu ni milimita 8. Mwalimu wa hesabu atapenda kujua kwamba vitofali sita tu vya vinundu vinane, vya rangi moja, vyaweza kupangwa kwa njia zaidi ya milioni 915. Wataalamu wamekwisha kuhesabu.

Garimoshi la kwanza la vitofali hivi lilitoka mwaka 1966. Mota yake ilipata nguvu kwa betri. Letu sisi ni la namna iliyoanza mwaka 1991: umeme wa volti 9 wapita katika reli zenyewe, ambazo zimevikwa madini, na magurudumu ya mota huuchukua kutoka humo. Kwa hiyo hatununui betri, lakini lazima tupanguse reli kwa kitambaa na spiriti, kwani vumbi la kwetu ni jingi, na penye vumbi garimoshi husimama. Vipande 16 vya kupinda hufanya duara kamili, na duara hilo, ukilipima katikati ya njia, upana wake ni sentimita 64 tu. Wasomaji, shikeni kipimo hicho, kwa maana ndicho kilicholeta habari yote.

Karatasi za maelekezo hazikuwamo sandukuni. Watoto walijenga walivyoweza: injini fupi, behewa la nyasi, behewa la mbuzi. Jumamosi ya tatu akaingia mzee mmoja wa kanisani kwetu, akipapasa njia kwa fimbo. Umri wake wapata miaka 80, na macho yake yamefunikwa na mtoto wa macho. Alikuwa amesikia kelele. Akauliza, "Mnafanya nini?" Mtoto mmoja akampa injini mkononi. Mzee akaipapasa kwa vidole, akatikisa kichwa.

"Hii ni ya kuchezea," akasema. "Mimi nilipokuwa kijana nilifanya kazi Nairobi ya kufuta injini. Ilikuwako injini yenye magurudumu 28. Ilikuwa na jina la mlima wetu, Shengena."

Mlangoni alikuwa amesimama mjukuu wake, kijana wa miaka 17. Kijana huyo aliacha shule akiwa kidato cha pili, akawa mtu wa kushinda penye pikipiki. Wazazi wake wako mjini, naye anaishi na babu. Nyumba nzima ni watu wawili, na kwa muda mrefu walikuwa hawasemezani ila kwa jambo la chakula. Kijana akasema kwa sauti ya kusikika, "Babu anaota. Injini gani itaitwa Shengena?"

Mzee hakujibu. Akairudisha injini kwa mtoto, akashika fimbo yake. Hakika niliona uchungu moyoni. Nikatoa simu yangu, nikatafuta, na picha ikapatikana: injini kubwa ya rangi ya damu ya mzee, nambari 5930, Mount Shengena. Nikampa kijana simu bila kusema neno. Akahesabu, kisha akasema kwa ushindi, "Ni 14 tu!" Binti mmoja wa darasa la nne akamwuliza, "Na ya upande wa pili je?" Wote walicheka, hata mzee. Kijana akanyamaza, akaendelea kuitazama picha.

Haya ndiyo mambo ya kweli ya injini ile. Shirika la Reli la Afrika Mashariki liliagiza injini 34 za aina hiyo kwa Beyer Peacock wa Manchester, Uingereza, zikajengwa mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, na zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Katika reli za upana wa mita moja hapakuwa na injini za moshi zilizozishinda nguvu. Zilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, zikichoma mafuta mazito. Shengena, kama mjuavyo, ndicho kilele kirefu kuliko vyote vya Upare. Injini yenye jina hilo imehifadhiwa Nairobi mpaka leo.

Basi watoto wakataka kuijenga. Tulipima: injini ya kweli ilikuwa na urefu wa mita 31 na zaidi. Tukichagua upana wa vinundu sita, urefu wapasa kuwa karibu sentimita 50. Watoto wakaunga chuma chao, yaani plastiki yao, kuwa kitu kimoja kirefu kilichonyooka. Je, kitu cha sentimita 50 kisichopinda kitazungukaje katika duara la sentimita 64? Kilipofika penye kona, pua ilitoka nje, tumbo likaingia ndani, magurudumu yakaruka kutoka relini. Wakarudia mara nne, mambo yaleyale.

Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi akisikiliza sauti ya kuanguka. Akasema, "Mmeitengeneza kama ubao. Garratt si ubao. Garratt ni machela."

Akaeleza, nasi tukasikiliza. Injini ya Garratt ina jina la mwenye kuibuni, Mwingereza Herbert William Garratt, aliyeomba hati yake mwaka 1907. Ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1909 kwa ajili ya kisiwa cha Tasmania. Boila, yaani lile pipa kubwa la kuchemshia maji, halikai juu ya magurudumu hata kidogo. Limelazwa juu ya fremu, na fremu imening'inia kati ya injini mbili, moja mbele na moja nyuma. Ya mbele yabeba tangi la maji, ya nyuma yabeba mafuta. Kila injini yazunguka penye egemeo lake. Ya mbele huingia kona kwanza, ya nyuma hufuata kwa wakati wake, na mzigo hukaa katikati bila kuvunjika. Ni kama watu wawili wanaobeba mgonjwa kwa machela katika njia ya mlimani: wa mbele akipinda, wa nyuma hamvuti wala hamsukumi, humfuata.

Aliyefanya maegemeo ni yule kijana. Vidole vyake vimezoea skrubu na nati za pikipiki. Tulikuwa na vipande vya duara vinavyozunguka, akaviweka viwili, akaweka mota moja chini ya kila injini. Mara ya kwanza alivibana mno, magurudumu yakaruka. Mzee akamwambia, "Legeza. Ukiibana haitakutii." Akalegeza mno, boila likayumba. "Kaza kidogo." Hivyo Jumamosi mbili, mmoja akiona kwa macho na mwingine kwa vidole, mpaka usiku ukaingia, mke wangu akatuma mtoto kuniita. Jumamosi ya sita tangu sanduku kufunguliwa injini ilizunguka duara zima ikivuta mabehewa manne, ikazunguka tena, na tena. Mzee aliwanyamazisha watoto ili asikie magurudumu yakipita penye maungio ya reli.

Lakini magurudumu hayakutimia 28. Tulikuwa nayo 16 tu ya kuweka chini yake. Mzee alikubali kwa shingo upande.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye jibu langu. Mzee huyo alikuwa amekataa kwa miaka mitatu kupelekwa hospitali kwa ajili ya macho yake. Mtoto wa macho huondolewa kwa upasuaji, na wengi huona tena. Waganga walimwambia, Baba Paroko alimwambia, mimi nilimwambia. Alijibu kwamba hana jambo la kutazama. Wiki mbili baada ya injini kuzunguka, alimwambia mjukuu wake, "Nipeleke. Nataka kuhesabu magurudumu hayo kwa macho yangu, kwa maana najua mmepunja." Kijana alimpeleka mwenyewe, akamwandikisha, na siku imepangwa. Tunawaombea.

Sisemi kijana amekuwa mtakatifu. Shuleni hajarudi. Bado hushinda penye pikipiki, na juzi waligombana na babu kwa sababu ya shilingi za mafuta ya taa. Lakini hugombana kama watu wanaosemezana. Jumapili humshika mkono babu yake mpaka kanisani. Nami ameniuliza masharti ya kuingia chuo cha ufundi. Nimempa karatasi, sijui kama ameijaza.

Wazazi wapenzi, katika nyumba zetu nyingi mbeba mzigo ni mmoja. Ama ni mzee ambaye husema amri na hataki kuulizwa, ama ni kijana ambaye huona wazee wamepitwa. Tumeunganisha nyumba kama ubao mmoja, na penye njia iliyonyooka twaenda vizuri. Kona ikifika, yaani ugonjwa, njaa, mtoto kuacha shule, twatoka relini. Amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Mtume Paulo naye, akiisha kuwaonya watoto, awaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao. Hizo ni injini mbili, na kila moja yapaswa kuwa na egemeo lake. Mzee ana ujuzi, kijana ana macho na vidole. Ukimnyima mmoja kazi, unambebesha mwingine tani 252.

Labda utasema, "Sisi hatuna vitofali vya Ulaya." Hamvihitaji. Nani kati yetu hakutengeneza gari la waya, au la mabua, au la kopo la samaki na magurudumu ya kandambili? Mtoto wako akilitengeneza, usimpige teke kwa kusema anapoteza wakati. Kaa naye robo saa. Mwulize gurudumu lazungukaje. Kisha mwite babu yake, au bibi yake, umwulize vitu vya zamani vilifanywaje. Wazee wengi wana injini nzima kichwani, na hakuna aliyewauliza idadi ya magurudumu.

Kwa wenye vitofali, mashauri mawili. Vioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, visianikwe juani kwa muda mrefu, maana rangi hugeuka. Na watoto wachanga wasikaribie, kwani kipande kidogo chaweza kumkaba mtoto.

Ukumbi wa parokia huwa wazi kila Jumamosi kuanzia saa tisa. Yule jirani aliyeniuliza chini ya mwembe namkaribisha. Na kama ana baba mzee nyumbani, aje naye.