Mwendelezo wa Kalamu Nyingine
Hadithi ya H. G. Wells ya uvamizi kutoka Mirihi ilitoka kitabu mwaka 1898. Aliwashusha viumbe wageni juu ya Uingereza, dola iliyozoea kushukia nchi za wengine, na katika sura ya kwanza akakumbusha maangamizi ya wenyeji wa Tasmania. Mizinga haikufaa kitu. Wavamizi waliuawa na vijidudu visivyoonekana kwa macho.

Mwaka huo huo gazeti la New York lilichapisha mwendelezo wa Garrett P. Serviss, mjuzi wa elimu ya nyota. Humo Thomas Edison, aliyekuwa hai bado, anaunda silaha ya kuteketeza kila kitu pamoja na merikebu za umeme; dunia inakwenda Mirihi kulipiza kisasi, na sayari inagharikishwa kwa maji ya mifereji yake yenyewe. Elimu ya anga haikukosekana. Kilichokosekana ni hofu, na aibu zaidi. Wells alimkalisha mshindi mahali pa mshindwa; Serviss akamrudishia kiti chake upesi. Hata Piramidi za Misri (ajabu ya karama!) zilivuliwa Wamisri, wakavishwa sifa yake watu wa Mirihi.