Kufundisha Foleni Kabla ya Amri

Madhumuni ya makala haya ni kuwaeleza walimu wenzetu kosa tulilolifanya katika kufundisha somo la mitandao ya kompyuta, na funzo tulilolipata. Somo lilihusu namna ya kuweka sera za ubora wa huduma katika intafesi za ruta, ili pakiti za sauti zisicheleweshwe na pakiti za mafaili.

Tulianza kama tulivyozoea: tuliandika amri ubaoni, wanachuo wakazinakili. Kazi yenyewe ina hatua tatu. Kwanza, kuyagawa mawasiliano katika matabaka. Pili, kutunga sera ya kila tabaka. Tatu, kuiambatisha sera kwenye intafesi, na kutaja kama inahusu pakiti ziingiazo au zitokazo. Sera ya foleni huwekwa upande wa kutokea. Kwenye intafesi kuu mambo yalikwenda sawasawa. Tulipowaagiza waiambatishe sera ileile kwenye intafesi tanzu, ruta iliikataa. Mwanachuo mmoja akauliza sababu, nasi tukamjibu kwamba ruta ile ni kuukuu. Jibu hilo halikuwa la kweli. Hatukujua sababu, na tuliona haya kukiri mbele ya darasa.

Tulirudi vitabuni. Hapo ndipo tulipotambua kwamba foleni hutokea pale tu njia inapojaa. Intafesi kuu ina waya wake na kasi yake, kwa hiyo hujulikana imejaa lini. Intafesi tanzu ni mgawanyo wa kimantiki tu. Kadhaa hutumia waya mmoja, wala hakuna iliyo na kasi yake yenyewe. Kisicho na kikomo hakijai. Kisichojaa hakina foleni. Na pasipo foleni hakuna wa kutangulizwa. Dawa yake ni sera ya ngazi mbili: sera mzazi huiwekea intafesi tanzu kikomo cha kasi, na sera mtoto hupanga foleni ndani ya kikomo hicho.

Kipindi kilichofuata tulikiri kosa letu kwanza, kisha tukaacha chaki. Tuliwagawia baadhi ya wanachuo karatasi nyekundu, nao wakawa pakiti za sauti. Tulifungua mlango wote, wakatoka kwa nafasi; karatasi nyekundu hazikuwa na maana yoyote. Halafu tulimweka mlangoni yule aliyeuliza swali, aruhusu mtu mmoja kila ahesabupo tatu. Foleni ikatokea mara moja, na wenye karatasi nyekundu wakatangulizwa. Darasa zima lilielewa kabla hatujatamka neno.

Ndipo tulipopiga hesabu. Simu moja ya G.711 huhitaji kilobiti 80 kwa sekunde, kabla ya kuongeza vichwa vya Ethernet. Simu 10 ni kilobiti 800. Wanachuo waliiwekea sera mzazi kikomo cha megabiti 2, na ndani yake sera mtoto yenye kipaumbele cha kilobiti 1,000 kwa sauti. Ruta ilikubali.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sisi tungeongeza kwamba mwalimu asiyekiri asilolijua humfunga mwanafunzi mdomo. Basi tunawashauri wenzetu wafundishe foleni kwanza, amri baadaye. Na ruta inapokataa, walichukue kataa hilo kuwa mwanzo wa somo.